Hotuba Niliyoitoa Kilimani kwa Kina Elinuru

Jamani, leo nimeaibika mpaka masikio yanawaka. Nimekaa kitandani, suti bado mwilini, nawasimulia mwenyewe kabla baba mdogo hajawafikia. Yeye ataongeza chumvi, na kisa hiki hakihitaji.

Leo ilikuwa siku ya kwenda kujitambulisha kwa kina Elinuru, kule juu ya Tengeru. Mnanijua. Mimi fundi friji, mtu wa gesi na nati. Nikisimama mbele ya wazee ulimi unaganda. Wiki nzima chakula hakipiti. (Suruali ya suti imeanza kunivuka.)

Tukafika mapema mno. Akina mama walikuwa bado wanamenya ndizi uani. Baba mdogo, ambaye ndiye mshenga wangu, akapewa kiti, akasinzia hapo hapo. Elinuru akatoka jikoni mbio, kitenge kiunoni.

"Saa tatu? Si tulisema saa sita?"

"Niliogopa kuchelewa."

"Haya, katembee kwanza. Panda kilimani ukaone kwetu."

Kile kilima! Nilizoea kukiona kwenye picha zake tu. Kimesimama peke yake nyuma ya nyumba, nyasi tupu mpaka kileleni, kimeliinamia bonde lao kama mama anayemwogesha mtoto kwenye beseni. Nikaanza kupanda. Nilipumzika mara nne. Mama mmoja alikuwa anashuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, tena anaimba. Akaniambia, "Pole baba, umeshafika." (Nilikuwa sijafika popote.)

Lakini kule juu, jamani, nilivua kofia. Nyuma yangu mlima Meru, karibu kiasi kwamba unataka kuusalimia shikamoo. Mbele, mbali kabisa, Kilimanjaro yetu inaelea juu ya mawingu. Chini mabati ya Makumira, na mabanda ya maua ya Usa River yanang'aa kama maji. Miguuni pangu bonde lenyewe: kijito, migomba, kahawa, moshi wa majiko. Upepo hakuna. Kimya mpaka unasikia jogoo wa ng'ambo.

Nikapata hofu. Mtu aliyekua hapa akiamkia haya yote, kwa nini akubali kuhamia chumba changu cha Ngarenaro, ambacho dirisha lake linatazama ukuta?

Nikasema hapana, hotuba lazima iwe kali. Niko peke yangu, ngoja nifanye mazoezi. Kwa sauti kamili.

Ya kwanza nikaongea kama mshereheshaji: "Waheshimiwa wazee, itifaki imezingatiwa!" Nikaona imezidi. Nikarudia shikamoo peke yake mara sita, mara nzito, mara nyembamba.

Ya pili nikajisifu. "Mimi fundi namba moja Arusha! Wala siyo kama yule mwalimu aliyekuwa anamzungukia Elinuru, mtu mzima anaendesha baiskeli ya dada yake!" (Nilicheka mwenyewe. Nilijiona nina kipaji.)

Ya tatu sikuipanga. Niliangalia lile bonde, nikaongea tu. "Baba, mama, mimi sina maneno. Mmemlea mahali pazuri, na mimi pangu pamebanana. Lakini nikiwa naye siogopi kitu. Nikikosea ananicheka, halafu ananishika mkono. Nawaomba." Machozi yakanitoka, mwanaume mzima na suti, peke yangu kilimani. Nikapiga magoti nione kama suruali itaniruhusu. "Nawaomba, mama!"

Nikajifuta machozi kwa mkono wa suti.

Halafu kutoka chini, sauti ya mwanamke, safi kabisa, kama amesimama pembeni yangu:

"Rudia hapo kwenye mama, tulikuwa tunakoroga!"

Bonde lote likalipuka kwa vicheko. Watu wanacheka mpaka ng'ambo ya kijito! Nikalala kifudifudi kwenye nyasi. (Kana kwamba wangesahau ni nani.)

Kumbe lile bonde ukiongea juu, linapokea sauti yote. Watu huitana kula kutoka kule. Nilishuka kwa kujificha nyuma ya migomba, na kila mgomba ulikuwa na mtu anayenisalimu. Elinuru nikamkuta uani, machozi ya kicheko mpaka shingoni.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisema katembee. Nilisema ukahutubie?"

Saa sita wazee wakakaa. Baba mdogo akaamka, akanitambulisha. Nikasimama. Ulimi ukaganda kama kawaida. Baba mkubwa wa Elinuru, mzee mpole mwenye fimbo, akainua mkono.

"Kaa, mwanangu. Tumeshasikia. Sisi tumechukua ile ya tatu."

"Asante, baba."

"Ile ya pili hapana. Mwalimu ni jirani yetu, nyumba ile ya bati jekundu. Anakusalimu. Anasema baiskeli ni yake."

Nikatamani ardhi ipasuke. Mama Elinuru akajifunika uso na upande wa kitenge, mabega yanatikisika. Ndipo bibi yake, aliyekuwa kimya kwenye kona, akasema:

"Mimi mwaka wa ngapi huu sisikii vizuri. Huyu nimemsikia. Mpeni."

Wakanipa, jamani! Elinuru akanishika mkono mbele ya wote, na wala hakucheka. (Alicheka baadaye, akitusindikiza kwenye gari, mpaka tukaondoka.)

Basi tarehe mtaambiwa, na nawaomba sana mje na nyuso za heshima. Siku hiyo hotuba atatoa Elinuru. Mimi familia zote mbili zimekubaliana nikate mbuzi wa ndafu tu, mdomo ukiwa umejaa.