Bibi wa Sanduku la Dirishani

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Bibi amekufa. Nimemuua mimi, na ufagio.

Si bibi wa mtu. Ni konokono. Mkubwa kama ngumi, wa yule binti anayesomea shahada ya pili kwenye jengo letu la viumbe hapa chuoni. Anao wengi, kila mmoja na sanduku lake la kioo, wamejibandika humo kimya kama wanadaiwa. Bibi ndiye mkongwe wao. Sanduku lake liko dirishani, yeye ana alama nyekundu mgongoni. Nafagia zangu, mpini ukagonga kioo, Bibi akadondoka. Ko!

Nikamgeuza. Hachezi. Nikampulizia. Hachezi. Mdomo wa gamba umezibwa na kitu cheupe, kikavu, kama karatasi. Nikasema hapa kuoza kumeshaanza. Nikamgusa. Baridi. Baridi ile naijua. Mke wangu nilimgusa hivyo hivyo alfajiri, jirani ananiambia kalala tu. Hakuwa kalala. Mimi sidanganyiki mara mbili.

Binti alishanieleza habari za hawa konokono siku naanza. Maelezo marefu. Nikawa naitikia ndiyo, ndiyo, macho yangu kwenye ufunguo. Nilichoshika ni kimoja tu: usiwape maji, usiwape chakula, usiwaguse. Kwa mateso hayo nani asingekufa?

Ufunguo wa chumba cha wanyama ninao mimi. Kabla ya hapo nilikuwa nafagia uwanja, jua la utosi. Mwenye kuutolea macho ufunguo huo ni mtunza bustani. Tunamwita Bwana Mpira, maana mpira wa maji haumtoki mkononi, hata pakinyesha. Akisikia nimeua, ufunguo unahama mfuko.

Kwa hiyo hatasikia. Bibi nimemtupa kwenye lundo lake la mbolea, nyuma ya kitalu. La kuvunda halina ubani.

Haya zamani nilikuwa namsimulia marehemu mke wangu, ananicheka. Sasa nasimulia daftari. Daftari halicheki.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Akili ni mali! Konokono ni konokono. Nimempata mwingine asubuhi mapema, ukuta wa nyuma ya choo, kwenye unyevunyevu. Mnene vilevile. Kasoro alama.

Rangi nyekundu nitaipata wapi? Nikarudi nyumbani mbio. Kwenye kopo la vitu vya marehemu kuna rangi yake ya kucha. Imeganda nusu. Nikaitemea mate kidogo, ikalainika. Nikapaka. Imeelekea zambarau, lakini nani atakagua mgongo wa konokono?

Shida ni moja. Huyu hatulii. Namweka chini, anapanda. Namshusha, anapanda. Katoa pembe, ananitazama. Nikamwambia tulia, wewe ni marehemu. Wapi!

Binti akaingia. Nikajua leo nimekwisha. Akatazama sanduku. Akaweka mkoba chini polepole kama una mayai. Machozi yakamtoka. Kisha akanishika mikono yote miwili, akasema, "Baba, ameamka. Bila tone la maji!"

Nikasema nimeona.

Kumbe ni jambo kubwa. Kakimbia kumwita Profesa wake, mama mmoja mfupi wa miwani. Profesa akainama, akainuka, akainama tena. Akasema hajapata kuona. Akasema kama ni kweli, kazi ya binti itasomwa mbali. Ijumaa atakuja na wenzake watazame.

Na nani alikuwepo wa kwanza? Mimi. Profesa kanipa mkono. Bwana Mpira kaona kupitia dirisha. Nimefurahi mpaka nikafagia mara mbili.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Balaa dogo. Chumba cha jirani yumo dada mmoja, naye wa shahada, anafuga vijidudu visivyoonekana. Tunamwita Dada Vijidudu. Kaja na kijiti cha pamba, kamfuta Bibi ute. Eti anataka kujua aliyelala muda mrefu hivyo anaishi na vijidudu gani mwilini. Nikamwambia Bibi ni msafi. Akacheka. Akasema kesho vitakuwa vimeota, ataona.

Nimechungulia kwake nikipita. Toba! Visahani chungu nzima, vimeota ukungu wa kijani, mwingine mweusi, mwingine na nywele. Msichana msomi, vyombo vyote hivyo havijaoshwa! Marehemu hakulala na sufuria chafu hata siku ana homa.

Jioni shemeji kapita na maboga. Mdogo wake marehemu huyu, jicho lake halipitwi. Kaona vidole vyangu vyekundu. Kaona kopo limefunguliwa. Akakaa kitini. Akasema, "Shemeji, umepata mtu, unampaka rangi ya dada yangu?"

Nikamwambia nampaka konokono.

Akanyanyuka. Akasema kama nimeamua kumdanganya, si ningetafuta uongo wa mtu mzima. Kaondoka na maboga yake.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Vijidudu vimeota. Dada Vijidudu kaja kasimama mlangoni, kakunja uso. Anasema kwenye ute wa Bibi kuna vijidudu vya chooni. Sanduku limefungwa miezi na miezi, vya chooni vimeingiaje? Binti akanitazama. Nikasema labda ni upepo.

Binti akamchukua Bibi, akamsogeza kwenye mwanga, akaitazama alama. Akaitazama sana. Nikasema ndoo yangu inavuja, nikatoka.

Nje nikamkuta Bwana Mpira anagombana na kijana wa miche, naye mwanafunzi wa hapa hapa. Miche yake ya utafiti inaliwa kitaluni. Leo majani, kesho shina. Bwana Mpira anaapa hajaingia hata panzi. Aliiwekea mbolea nzuri juzi, ya kwenye lundo lake, kaimwagilia vizuri.

Moyo ukaniruka kwa furaha. Hii ndiyo nafasi! Watu wakienda kutazama kitalu, nani atatazama mgongo wa konokono? Nikapanda kwa Profesa ofisini. Nikamwambia sipendi kusema ya watu. Nikasema. Nikasema kitalu kimejaa wadudu, mtunzaji amelala na mpira mkononi, wageni wa kesho waanzie huko wajionee wenyewe.

Profesa akasema asante mzee, nitafanya hivyo.

Leo nitalala usingizi mzuri ajabu.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Wageni walikuja. Wakaanzia kitaluni, kama nilivyoshauri. Mimi nyuma yao, mikono mgongoni, kama tajiri anayekagua shamba. Bwana Mpira anamwagilia mpaka njia. Tamu!

Kijana wa miche akainua jani. Chini yake kuna mla miche. Mkubwa kama ngumi. Ameshiba. Anatembea taratibu, na mgongoni ana alama nyekundu. Nyekundu ya kweli, si zambarau.

Binti akamchukua. Akamweka kiganjani, akanigeukia. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Baba, huyu ni nani?"

Nikasema ni Bibi.

"Na yule wa kwenye sanduku?"

Nikafikiri. Nikasema mgeni.

Mmoja wa wageni akaanza kukohoa, nikajua anacheka. Profesa akamtazama, kikohozi kikapona. Nikajitetea. Nikasema Bibi alikufa Jumatatu, mimi nilimtupa maiti, kama kafufuka huko aulizwe aliyemwagilia.

"Hakufa," binti akasema. "Alikuwa amelala. Ukame ukija wanajifungia, wanalala mpaka wapate maji. Ndiyo kazi yangu yote, baba. Kuona watalala mpaka lini. Nilikueleza."

Nikasema nilimgusa. Nikasema hata mke wangu nilimgusa, jirani akaniambia amelala, na wote wawili walikuwa sawasawa, baridi ile ile. Sasa mimi ningejuaje kwamba huyu ndiye wa kuamka?

Bwana Mpira akafunga bomba. Siku zote nilizomjua sijawahi kumwona akifunga bomba.

Basi. Binti kapoteza usingizi wa Bibi, ule mrefu kuliko wote. Ataanza upya na waliobaki, na shahada itasogea mbele. Hakunitukana. Aliniuliza tu ile rangi nilitoa wapi. Nikamwambia. Akasema mgeni hatamtupa, atamwachia sanduku na rangi yake. Nikasema anapenda kupanda.

Profesa kachukua ufunguo. Kampa Bwana Mpira, mbele yangu. Mimi nikapumzike nyumbani mpaka Jumatatu, kisha nihamie chumba cha kuoshea vyombo vya maabara. Kasema huko hakuna kiumbe hai cha kunichanganya.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Shemeji kaja. Habari za konokono zimemfikia, sijui kwa njia gani. Kacheka mpaka kashika ukuta. Kacheka kama dada yake, anavuta pumzi kwanza halafu ndiyo anacheka. Nikampa kopo achukue. Akakataa, akasema likae. Maboga kayarudisha.

Nimekaa nimefikiri. Mtu mzima akikosea anajirekebisha. Nimejifunza: konokono nisiwaguse tena, hata wakifa. Na kazi ya vyombo si kazi mbaya. Ipo kivulini. Ukiifanya vizuri, ufunguo unarudi. Bwana Mpira hawezi kukaa na mlango, amezoea bomba.

Na pa kuanzia napajua. Vile visahani vya Dada Vijidudu. Vimeota ukungu mpaka aibu, na nasikia anavifuga hivyo tangu mwaka jana, masikini, hana wa kumsaidia. Nitaingia kabla hawajafika. Nitavisugua vyote kwa maji ya moto, kimoja kimoja, nivipange vinang'aa kama sahani za harusi. Profesa akifungua mlango ajionee mwenyewe. Sitamwambia mtu, iwe zawadi.

Sabuni nimeshanunua. Kesho narudi kazini.