Mparachichi, Isale na Sura Niliyoiruka

Jumatatu, 6 Julai. Ukungu tangu asubuhi.

Hellen, binti yetu, amerudi likizo kutoka chuoni na kitabu cha mantiki. Nilikifungua kwa dharau tu, nikisubiri chai. Ukurasa wa tisa: ikiwa mvua imenyesha, basi ardhi imelowa. Mvua imenyesha. Kwa hiyo ardhi imelowa. Nilisimama wima. Miaka hamsini na minane nabishana na watu mikono mitupu, kumbe silaha ipo!

Nikaijaribu papo hapo kwa mke wangu, Elinipendo. Nikamwambia ikiwa mtu amechoka, basi hakati majani ya ng'ombe. Mimi nimechoka. Kwa hiyo sikati. Akajibu bila hata kugeuka kwamba ng'ombe asipokula hatoi maziwa, na maziwa yasipokuwepo, Baba Hellen anakunywa chai ya rangi. Hellen akapiga makofi. Eti mama ameunganisha hoja mbili na zote zimesimama. Hajasoma hata ukurasa mmoja!

Nimekata majani. Mizigo miwili.

Jumanne, 7 Julai

Mpango umekamilika kichwani. Unahusu mparachichi.

Mti wenyewe uko kati ya kihamba changu, shamba la migomba nililorithi, na kihamba cha jirani yangu Primus. Yeye anasema ni wake. Mimi nasema ni wangu. Mpaka wetu, kama mipaka yote huku mlimani, ni mstari wa isale, ile mimea ya majani marefu waliyoipanda wazee wetu. Lakini pale penye mparachichi mfereji ulifurika zamani, ukazizoa isale zote. Limebaki pengo la hatua kumi na mbili, na mti katikati. Na mwaka huu umezaa hadi matawi yameinama chini.

Niseme ukweli, maana hii shajara haisomwi na mtu. Si parachichi tu. Tangu darasa la nne sijawahi kumshinda Primus kwa maneno. Hata mara moja! Yeye huongea taratibu, kisha huuliza swali moja, kisha watu hucheka. Jumamosi mwenyekiti wa kitongoji anasikiliza mashauri, na langu nimeshaliandikisha. Nataka kumshinda mara moja tu kabla sijafa.

Hoja yangu: ikiwa mahali ni mpaka, basi pana isale. Nani atabisha? Kinachobaki ni isale ionekane ng'ambo ya mti, upande wa Primus. Kazi ndogo.

Jumatano, 8 Julai

Nimemuuliza Hellen kwa ujanja, bila kutaja mti wowote. Ikiwa kila penye mpaka pana isale, na hapa pana isale, basi si hapa ni mpaka? Akasema hapana. Ardhi inaweza kulowa bila mvua. Mama akimwaga maji ya kufulia, si imelowa? Akasema kosa hilo limeelezwa vizuri sura ya tatu, nikaisome. Nikamwambia sura ya tatu ni ya watu wanaokosea. Mimi nimeishia ya pili na nimeelewa kila kitu. Akanitazama vile vile mama yake anavyonitazama.

Jioni Primus alipita kuuliza kama Jumamosi anipunguze nywele kabla ya shauri au baada. Hunipunguza nywele kila mwezi tangu tukiwa vijana, na hajawahi kunikata sikio. Nikasema baada. Niliona aibu kidogo. Ikapita.

Ijumaa, 10 Julai

Primus kaenda Sanya Juu kutafuta mtamba. Elinipendo yuko kanisani na kikundi cha akina mama. Hellen kashuka Majengo kumtembelea rafiki yake. Saa nne asubuhi, ukungu mzito, hata zizi silioni. Mungu yuko upande wa mantiki!

Isale lazima iwe kubwa, maana ndogo itajulikana ni ya jana. Kubwa ninayo moja tu, nyuma ya jiko. Marehemu mama aliipanda mwaka niliobatizwa. Nimechimba saa mbili nzima. Mizizi yake nadhani imefika Himo. Mgongo ukalia ka! Nimeiburuta, nimeipanda hatua tatu ng'ambo ya mti, nikaizungushia majani makavu ionekane ina umri pale. Shimo la nyuma ya jiko nimelifunika kwa majani ya migomba. Kazi safi kabisa.

Elinipendo aliporudi aliuliza kwa nini natembea nimepinda. Nikasema ni baridi.

Jumamosi, 11 Julai

Sijui nianzie wapi.

Mwenyekiti, Mama Theodora, alikuja na wazee wanne. Tukasalimiana, tukasimama chini ya mti. Nikatoa hoja kwa sauti ya mhadhara. Ikiwa ni mpaka, pana isale. Tazameni, isale hii hapa. Kwa hiyo mpaka ndio huu, na mti uko kwangu! Wazee wakatazamana. Nikadhani wameshindwa. Mzee Ndelilio hata alitikisa kichwa kukubali, au labda alikuwa anasinzia.

Ndipo Primus akaongea, taratibu. Akauliza swali moja. Akasema ikiwa kila penye isale ni mpaka, basi ile isale ya nyuma ya jiko langu nayo ni mpaka, na kuanzia pale kushuka, yaani zizi, choo na nusu ya kahawa yangu, ni mali ya mtu mwingine. Je, nakubali?

Aa, hapo nilikuwa tayari! Nikajibu kwa furaha kwamba nyuma ya jiko langu hakuna isale yoyote.

Primus akashangaa. Akasema ipo, mama yangu aliipanda, na yeye mwenyewe utotoni alichapwa na mama kwa kuchuma majani yake. Nikaapa haipo. Mama Theodora akasema twende tukaone. Nikasema hakuna haja, tuamini tu. Akatangulia. Ni mama anayetembea haraka sana. Nilipiga kelele apite kulia, lakini alikwisha kuingia shimoni hadi gotini.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo baya zaidi. Elinipendo alilitazama shimo, akautazama mgongo wangu, akasema kumbe baridi ya mwaka huu inachimba.

Uamuzi: mti ni wa Primus. Mimi nipeleke jani la isale kwake kuomba radhi, na jingine kwa Mama Theodora na mguu wake. Kwa mila yetu anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Primus hakukasirika. Aliniuliza tu kwa nini niliing'oa isale ya mama. Iliniuma kuliko mgongo. Nywele hazikupunguzwa.

Jumapili, 12 Julai

Baada ya ibada nimepeleka isale. Primus aliipokea kwa mikono miwili, akasema yamekwisha. Tukanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa kibuyu kimoja, kwa zamu. Mama Theodora naye kasamehe, mguu ukiwa kwenye beseni la maji ya chumvi. Nimerudi mwepesi, karibu niimbe.

Nimekuta Hellen ameniwekea kitabu mezani, kimefunguliwa sura ya tatu. Nimekifunga ili kisiingie vumbi.

Jumatatu, 13 Julai

Ajabu! Saa moja asubuhi, hodi mlangoni. Primus. Kashika isale!

Sikuhitaji hata dakika. Ikiwa mtu amekosa, basi huja na isale. Primus amekuja na isale. Kwa hiyo Primus amekosa! Nikamwambia, mbele ya mke na mtoto, kwa sauti ya upole, kwamba nimemsamehe, wala asijisumbue kueleza. Akasema anairudisha isale ya mama mahali pake, kabla mizizi haijakauka na kabla ng'ombe hajavunjika mguu shimoni. Kweli ilikuwa nzima begani kwake, na udongo wake wote. Akaipanda nyuma ya jiko, akaimwagilia, akanipunguza nywele, akaondoka. Elinipendo alimpa chai ya maziwa. Mimi nilipewa ya rangi.

Hellen ananiambia sura ya tatu, baba, sura ya tatu. Maskini mtoto! Mtu gani anabeba mzigo kama ule asubuhi mapema bila kosa moyoni? Aliona haya kusema mbele ya wanawake, ndiyo maana akasingizia shimo. Na kosa lenyewe litakuwa lipi, kama si kunichukulia mti wangu?

Nimemsamehe kabisa. Kesho asubuhi naenda kuuchukua mparachichi.