Fataki za Ubani na Matanga ya Chifu Omagor

Malaba,
3 Januari 1975

Kwa Mzee wangu, Chifu Omagor,

KUHUSU: KUPIGWA MARUFUKU KWA FATAKI ZANGU

Natumai barua hii inakukuta ukiwa hai, jambo ambalo mimi binafsi sikulitilia shaka hata siku ile. Naandika kwa heshima, nikiwa fundi pekee wa fataki kutoka hapa mpaka Funyula, kulalamikia amri yako kwamba nisiwashe chochote mbele ya watu, hata taa ya chemni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Katibu wa sherehe, Bwana Protus, ameandika kwamba niliharibu sikukuu ya Jamhuri kwa "kutia fataki mambo ya miti." Mzee, fataki haiendi kwa baruti pekee. Inataka pia kitu cha kulisha moto, na miaka yote kitu hicho kilikuwa unga wa lakiri, ndugu ya ile nyekundu ya kufungia barua posta. Niliupata kwa mwalimu wangu, Bwana Nathu wa Tororo. Tangu afukuzwe Uganda pamoja na Wahindi wenzake, mimi ni yatima wa lakiri. Ningefanya nini, na miti yetu inatoa utomvu bure?

2. Ni kweli ile ya kwanza, niliyoitia gundi ya mgunga, haikupaa. Gundi hiyo hunywa unyevu, na siku hiyo mvua ilinyesha tangu saa sita. Lakini si kweli kwamba "ilishambulia wageni." Ilitambaa chini ya viti vya mbele kwa mwendo wa kobe, ikakoroma, ikazimika. Waliokimbia walikimbia kwa hiari yao, na wakarudi vitini kwa hiari yao.

3. Ndipo nikawasha zile za ubani, nilionunua kwa Mzee Kassim wa Busia. Hizo zilipaa, Mzee. Zilivuka paa la kanisa, moshi ukateremka mweupe, harufu ikajaa uwanja mzima. Mama Rosebella, kiongozi wa kwaya, akapiga goti, na kwaya ikamfuata. Mzee Kassim mwenyewe aliponusa akamnong'oneza jirani yake, "Ni nani ametutoka?" Watu wakatazamana, wakaona kiti kimoja tu kitupu, nacho ni chako. Mimi nilijua umekwenda nyumbani kwa sababu ya tumbo. Lakini nani angemsikiliza fundi, na kwaya imeshaanza wimbo wa mazishi? Bwana Protus alivua kofia akaomba tunyamaze dakika moja. Hilo hakuliandika.

4. Nalaumiwa kwamba habari ya kifo chako ilifika hadi Amukura kabla ya giza kuingia. Sikuibeba mimi. Aliyeleta fahali wa matanga ni shemeji yako Josiah, na waliong'oa ua wako kupata kuni ni majirani zako. Nilikuwepo ulipotoka mlangoni umejifunika blanketi, ukasema, "Marehemu ni mimi, na naomba mpunguze kelele." Kisha ukaangalia ule umati, ukapangusa macho kwa pindo la blanketi. Ni chifu gani mwingine amewahi kuona atakavyoliliwa? Fahali alikuwa ameshachinjwa, nawe ulikula paja, licha ya lile tumbo lako. Asubuhi yake ukanipiga marufuku.

5. Nasikia kwamba siku ya Madaraka kamati italeta fataki za Nairobi. Fataki hizo hazimjui mtu hapa. Naomba marufuku iondolewe nitumie utomvu wa sandarusi, ambao hauna harufu ya kanisa wala ya maiti. Moto wake ni mpole kama mtoto aliyeshiba. Hata sasa mchanganyiko wangu umeanikwa jikoni kwa mke wangu Akol, kando ya wimbi lake la uji, na hakuna aliyelalamika.

Nisalimie mama watoto, shemeji Josiah, na wote waliokulilia, kila mmoja kwa kadiri alivyolia.

Ni mimi mtiifu wako,
Zephaniah Echodu
Fundi wa Fataki

NYONGEZA: Maneno haya nayaandika nikiwa Amukura kwa wakwe zangu, tunakoishi kwa muda. Sandarusi ilipaa jana saa nne asubuhi, pamoja na paa la jikoni. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa Akol alikuwa kisimani. Ilikuwa fataki nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na niliiona peke yangu. Akol ameisoma barua hii yote. Anasema marufuku ibaki, na jina langu uliandike kwenye amri hiyo kwa herufi kubwa.