Chumba cha Hilje na Safari ya Schier kwa Miguu

Jumatatu, 12 Mei

Giel kashinda tena. Jumamosi alituchukua wanafunzi wote wa nyumba hii hadi ziwani kwa baiskeli, akatandika shuka majanini, akatoa pai ya cheri iliyotumwa na mama yake kutoka Limburg, kule kusini kwenye vilima. Pai imevuka nchi nzima ndani ya treni na bado ilikuwa laini. Nilikula vipande vitatu, shingo upande.

Leo wakati wa chai Hilje katoa habari. Kamaliza masomo, kapata kazi Utrecht, anahama Juni. Kwa desturi ya nyumba yetu anayehama ndiye anayechagua mrithi wa chumba. Chumba cha Hilje kina madirisha mawili na yote yanatazama mfereji. Changu kina dirisha moja linalotazama bomba la moshi la duka la chipsi. Mwaka wa pili huu nanuka mafuta ya kukaangia. Mhadhiri wangu aliwahi kuniuliza, kwa upole, kama nafanya kazi jikoni.

Hilje kasema chumba atampa yule atakayempa wikendi ya kukumbuka kabla hajaondoka. Alisema kwa utani. Mimi sikucheka.

Sietske, ambaye ni Mfrisia, wa jimbo la jirani, na hana huruma, kasema mimi nisijisumbue. Safari niliyoandaa mara ya mwisho tulikula mipira ya yai kwenye kituo cha basi, mvua inanyesha. Ni kweli. Lakini mipira ilikuwa ya moto. Yai zima, limefunikwa mchuzi mzito, likapakwa unga wa mkate na kukaangwa hadi likageuka rangi ya kahawia. Hapa Groningen hakuna faraja inayozidi hiyo, naye anaitaja kama shtaka.

Kisha Giel akauliza kuna nini kaskazini zaidi, maana hajawahi kufika. Sietske akamjibu kabla sijafungua mdomo: "Hakuna kitu, kaka. Matope na anga, basi."

Mimi nimezaliwa kwenye hayo matope.

Nimepata wazo.

Jumatano, 14 Mei

Wazo ni hili. Bahari ya kwetu ikipwa, inaondoka kabisa. Mtu anaweza kutoka bara akatembea kwenye sakafu ya bahari hadi kisiwa cha Schier. Ni asubuhi nzima ya kutembea. Hilje ataona kitu ambacho pai haiwezi kumpa. Na Giel, mtoto wa vilima, hajawahi kukanyaga tope la bahari maishani. Atazama, atalia, atabebwa. Mimi nitakuwa mbele, nimetulia, naonyesha ndege kwa kidole.

Hairuhusiwi kwenda bila kiongozi. Nimempigia Menno, ambaye siku za kazi anafundisha muziki shule ya sekondari na Jumamosi anavusha watu. Nikamwambia mimi si mgeni, nimetembea huko tangu nina miaka minane, na kama anahitaji msaidizi nipo. Sikumwambia kwamba nilitembea mara moja tu, na shule, na kwamba kutoka nusu ya njia nilikuwa mgongoni kwa mwalimu. Menno akasema vizuri, basi mimi nitafunga msafara.

Kufunga msafara ni kutembea nyuma ya watu wote. Sivyo nilivyopanga. Lakini ni cheo.

Giel alikuja kuniuliza avae nini. Kila mtu wa kwetu anajua unavaa viatu vya turubai vinavyofunika kifundo, umefunga kamba hadi damu inagoma kupita. Buti za mpira ndizo mbaya kuliko zote. Tope linazinyonya, unabaki na soksi.

Nimemwambia avae buti za mpira.

Alinishukuru mara mbili.

Ijumaa, 16 Mei

Tumelala kwetu, kijijini, nyumba iliyo chini ya ukuta wa bahari, lile tuta la nyasi linalozuia maji, kwa kuwa msafara unaondoka alfajiri. Mpango wa leo ulikuwa supu ya haradali. Nilimwomba mama aipike mapema, aiache jikoni na kutoka, ili wenzangu wakifika wanikute na mwiko mkononi.

Mama hakutoka. Alikaa mezani kabisa. Hilje aliposema, "Eltjo, kumbe unajua kupika hivi," mama alicheka hadi akashika ukingo wa meza. Akawasimulia siku niliyochemsha mayai nikasahau kuweka maji.

Giel alikula bakuli tatu. Akauliza kama haradali inatiwa mwanzo au mwisho, na vipande vya nyama ya nguruwe vinakaangwa kwanza au vipi. Halafu akaosha vyombo. Mama anamwita mwanangu. Mimi ananiita wewe.

Buti zake za mpira zimesimama kando ya mlango. Mpya. Za kijani. Alizinunua kwa ajili ya safari hii.

Usingizi hauji. Nadhani ni haradali.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika nikiwa kwenye boti ya kurudi, mguu mmoja hauna kiatu. Nieleze kwa utaratibu.

Alfajiri tulipanda ukuta wa bahari tukashuka upande wa pili. Menno akamwona Giel na buti zake. Akamuuliza nani kamshauri. Niliangalia kondoo waliokuwa wanakula nyasi. Giel akasema, "Hakuna mtu, nimekosea mwenyewe, sisi wa kusini tunajua nini." Alinitazama wakati anasema, bila kinyongo, kama mtu anayedhani alinisikia vibaya. Menno akamtolea viatu vya turubai vya akiba kutoka garini. Vilimtosha kama vimeshonwa kwa ajili yake. Nikarudi kuangalia kondoo.

Tope la mwanzo ni baya, hadi magotini. Nilingoja Giel aanguke. Akaanguka, ndiyo. Akainuka mweusi mpaka kidevuni, akicheka, akauliza kama anaweza kuanguka tena.

Halafu tope likaisha na mchanga ukaanza, na hapo sijui niandike nini.

Mimi ni wa hapa. Nimekaa juu ya ukuta ule utoto wangu wote, natafuna mkate na kuitazama bahari kama mtu anavyotazama ua wa jirani. Sikujua. Maji yalikuwa yameondoka na kuacha utando mwembamba juu ya mchanga, na ndani ya utando ule anga lote lilikuwa limelala. Mawingu yalikuwa chini ya miguu yetu. Mstari wa mbali haukuwepo. Hilje alikuwa anatembea mbele yangu na nilishindwa kujua kama anakwenda au anapanda.

Menno akainua mkono, tukasimama. Akasema tusiseme kitu. Mwanzoni nilisikia kimya tu. Kisha nikasikia sauti ndogo, kila upande, kama mafuta yanayochemka kwa mbali sana, kama mchele unaomwagika bila kwisha. Menno akanong'ona kuwa ni viumbe vya ndani ya tope, wadogo kuliko punje, maelfu kwa maelfu, wanafungua na kufunga milango yao. Sakafu yote ya bahari ilikuwa inaongea.

Sietske, aliyesema hakuna kitu huku, alivua kofia. Hakuna aliyemwambia avue.

Giel alikuwa analia. Hakujificha. Nilikuwa nimeisubiri picha hiyo wiki nzima, na ilipofika nikaona sina la kuifanyia. Hata mimi macho yalikuwa yamelowa, ila yangu ni upepo tu.

Tukavuka mkondo, maji kiunoni, baridi ya kukata pumzi. Ng'ambo yake, upande wa kulia, kulikuwa na fungu la mchanga na juu yake sili, wale wanyama wanono wa baharini, wamejipanga. Walikuwa wanaimba. Sina neno lingine. Sauti ndefu, ya juu, inashuka taratibu, mmoja akimaliza mwingine anapokea. Menno akasema tuwatazame kutoka mbali, tusiwasumbue, akaendelea na njia yake.

Mimi nilikuwa nyuma ya wote. Nikaona kwamba nikikata kona kidogo nitapata mahali pazuri zaidi, halafu nimwite Hilje tu, tuwatazame wawili. Ardhi pale iling'aa sawasawa na pengine pote. Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu nikaingia hadi mapajani.

Sikuita. Ningeitaje? Nilikuwa mfunga msafara, mzoefu tangu miaka minane. Nikakunja mikono kifuani kama mtu aliyesimama kutafakari. Wenzangu wakazidi kuwa wadogo. Nikavuta mguu wa kulia, wa kushoto ukashuka. Nikavuta wa kushoto. Sasa nilikuwa kiunoni. Ndipo nikaona uzi wa maji unapita kando yangu kwenye mchanga, mwembamba kama kamba ya kiatu, na ulikuwa unakwenda kuelekea bara. Bahari ilikuwa imeanza kurudi.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Na bado, hili ndilo la ajabu, sili walikuwa wanaimba na mawingu yalikuwa yamenizunguka, na sehemu moja ya akili yangu ikasema: angalia basi, hutaona tena kitu kama hiki.

Aliyeniona ni Giel. Ndiye peke yake aliyekuwa bado anageuka kila dakika kutazama nyuma, kwa vile hakutaka chochote kimpite. Alikuja mbio. Menno alikuwa anampigia kelele asisogee, alale. Giel akalala kifudifudi kwenye tope, akanishika mikono.

"Usipigane nalo, bwana. Lala kama unaogelea. Mimi nipo."

Nikalala. Tope lilikuwa mdomoni, masikioni. Menno naye akafika, akamshika Giel miguu. Wakavuta. Tope likatoa sauti ambayo sitaiandika, likaniachia mimi na kubaki na kiatu changu.

Menno hakunigombeza. Alisema tu kwamba kuanzia hapo nitatembea mkono wake wa kushoto. Sietske alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye soksi, akasema, "Kweli nyie wa huku mnaipenda nchi yenu."

Giel alinifuta uso kwa mkono wa shati lake. Akauliza nilikuwa nafuata nini kule. Nikasema sili. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

"Ningekuwa na ujasiri, na mimi ningewafuata."

Kisiwani tulikula mkate na uduvi, tumekaa mchangani. Maji yalikuwa yameshajaa nyuma yetu. Kule tulikotembea, boti ya mvuvi ilikuwa inapita. Niliitazama hadi nikasahau kutafuna.

Hilje yuko ukingoni mwa boti tangu tupande. Amekaa peke yake, ameipa bahari uso. Wikendi ya kukumbuka. Madirisha mawili. Nimeshaamua kitanda kitakaa wapi.

Jumapili, 18 Mei

Hilje katuita wote jikoni. Nilivaa shati safi.

Kasema jana ndiyo siku nzuri kuliko zote alizowahi kupata hapa. Kasema shukrani ni zangu, Eltjo, maana bila mimi angeondoka bila kuijua nchi aliyokaa miaka minne. Akanishika bega. Giel akapiga makofi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu niliokuwa nimeufanyia mazoezi.

Kisha Hilje akasema hakulala usiku. Kafikiri sana. Kaikataa kazi ya Utrecht. Kuna nafasi huku huku, kwenye kituo kinachotunza sili wagonjwa, mshahara mdogo, hajali. Hahami tena.

Chumba anabaki nacho.

Nilimuuliza kama ameongea na wazazi wake. Nilimuuliza kama anajua baridi ya Januari ilivyo kule ukingoni, na upepo, na harufu ya samaki. Akasema, "Ndivyo hivyo hivyo ninavyopataka." Wote wakakumbatiana. Mimi pia nilikumbatiwa, mara kadhaa.

Dirisha langu liko wazi. Wanakaanga kitu.

Jumanne, 20 Mei

Nimetulia, nimefikiri, nimegundua kosa. Wikendi yangu ilikuwa nzuri mno. Basi dawa ni wikendi mbaya. Nimpeleke Hilje mahali pakavu, pabovu, pasipo na kitu, hadi mwenyewe aipigie Utrecht simu na kuomba kazi yake.

Leo nimekwenda kupakagua mahali hapo. Giel kaomba kuja. Nikakubali, mtu wa vilima atajua ubaya wa tambarare kuliko mimi. Tuliendesha baiskeli mashariki, dhidi ya upepo, barabara imenyooka kama rula, mfereji kushoto, mfereji kulia. Hakuna mti. Nilifurahi sana.

Kisha tukapita daraja, na upande wa pili mashamba yote yalikuwa yamechanua manjano, kutoka miguuni petu hadi mwisho wa dunia, na kivuli cha wingu kimoja kilikuwa kinatembea juu yake polepole. Katikati kanisa dogo la matofali, mlango wazi, na ndani mtu alikuwa anajifunza kinanda, anakosea palepale kila mara, anaanza upya. Mbayuwayu waliingia na kutoka juu ya kichwa chake.

Nilikosa mhadhara wa saa nane. Nilikosa na wa saa kumi. Giel alikuwa amekaa majanini, mdomo wazi, hana msaada wowote.

Hapa hapafai. Alhamisi tutajaribu upande wa magharibi. Lazima mahali pabaya papo.