Lulu Nyeusi na Kahawa ya Bure

Anayetaka kujua binadamu ameumbwa kwa udongo gani asihangaike kwenda hekaluni. Aende bandarini Singapuri siku ya meli ya kitalii kung'oa nanga, asimame pale foleni inapogawanyika. Upande mmoja abiria wa kawaida wamebanana na masanduku yao, wanajipepea kwa pasipoti. Upande wa pili kuna zulia jekundu, ugwe wa mahameli, na msichana mwenye sinia la vitaulo baridi. Meli ni ileile, bahari ni ileile, wote wanakwenda Penang na Phuket na kurudi. Lakini mpe mtu kitaulo baridi mbele ya wenzake waliokikosa, uone atakavyotembea.

Clarence Poh alitembea hivyo kila mwezi. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na minane, shati la kitani, nywele za piko, na shingoni akining'iniza kadi ya Lulu Nyeusi, daraja la juu kabisa ambalo kampuni ya meli humpa mteja wake wa kudumu. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na heshima hiyo iliundwa na ufukara. Nyumba iliondoka na mke wa kwanza, akiba ikaondoka na wa pili, ndipo Clarence alipogundua kwamba kuishi melini msimu wa bei chee ni nafuu kuliko kupanga chumba mtaa wa Geylang. Akapanda na kushuka, akapanda na kushuka, pointi zikajaa. Kadi ile ndiyo iliyokuwa nyumba yake, ukoo wake na jina lake. Mvue, utabaki na mzee asiye na mlango wa kugonga.

Mwenye Lulu Nyeusi hufuliwa nguo bure, hushuka bandarini kabla ya wengine, na juu ya yote huingia Sebule ya Lulu, sitaha ya kumi na nne, kwenye kahawa ya bure na vikeki vya kutosha kidole. Anaruhusiwa kuingia na mke, watoto au wazazi. Sheria imeandikwa mlangoni kwa herufi za dhahabu: kadi moja, familia moja, watu watano. Mlango unalindwa na Corazon Abellana, Mfilipino mpole ambaye hajapata kumpandishia mtu sauti, wala kumpitisha asiyestahili.

Clarence hakuwa na mke, wala mtoto, wala mzazi. Basi aliwauza hao asiokuwa nao, na mauzo hayo ndiyo yaliyomlipia nauli.

Siku hiyo, akijifuta shingo kwa kitaulo, aliona windo. Bi Seet Gek Eng, mjane wa mtu wa vibanda vya bata wa mchuzi, alikuwa ameketi juu ya sanduku lake katika foleni ya kawaida, amenuna. Hela za kununua chumba cha kifahari alikuwa nazo, na bado zingebaki. Lakini kununua kitu ambacho jirani yako amepewa bure ni kidonda, na Gek Eng hakupenda vidonda. Pembeni alisimama mwanawe Wilfred, mabegi mawili mabegani na moja shingoni.

"Wale wanapita wapi?" Gek Eng aliuliza, kidevu kikielekea kwenye zulia.

"Wale ni wanachama, Mama."

"Na sisi?"

"Sisi ni abiria."

"Baba yako angekuwa hai, mimi nisingekuwa abiria."

Clarence alisikia, akapita bila kugeuka. Mwindaji wa kweli hamkimbilii mnyama, humsubiri penye maji. Kwa watu hawa penye maji ni penye chakula.

Mchana, kwenye ukumbi wa kujipakulia, familia ya Seet ilikaa na mlima wa sahani. Gek Eng aliweka mikono mapajani akangoja. Katika nyumba aliyolelewa, hakuna mdogo aliyetia kitu kinywani kabla ya kumkaribisha mkubwa wake. Wilfred alikuwa kwenye mguu wa tatu wa kaa. Mkewe, Peiling, alikuwa akipiga picha tambi. Mama wa watu alikaa pale kama mgeni aliyekosea nyumba, na chakula kikapoa mbele yake.

Meza ya jirani mtu alisimama, bakuli mikononi, akainama kidogo.

"Mama, karibu ule."

Gek Eng alimkazia macho. "Mimi mama yako tangu lini?"

"Nisamehe. Wangu alishafariki," Clarence alisema. "Nimeona mzee hajala, mdomo ukaniponyoka. Sikulelewa kula kabla ya mkubwa."

Wilfred aliacha kutafuna. Gek Eng alimtazama mgeni, akamtazama mwanawe mwenye mchuzi kidevuni, na hapo, nakwambieni, biashara ilikuwa imekwisha. Yaliyofuata yalikuwa ni kufunga mzigo.

"Kahawa ya huku chini inanuka soksi," Clarence alinong'ona. "Twende juu, Mama, ukanywe ya watu."

Mlangoni Corazon aliipokea kadi kwa mikono miwili. "Karibu, Bwana Poh. Na huyu?"

"Mama yangu."

Corazon aliziangalia nywele za piko, akaiangalia ngozi ya Gek Eng iliyotunzwa kwa supu za viota vya ndege. "Wa kuzaa au wa kulea?"

"Wa kulea."

"Bado analea?"

"Malezi hayaishi," alijibu Clarence, wakapita.

Ndani hapakuwa na mtu. Hata hivyo jambo la kwanza alilofanya Gek Eng ni kutoa pakiti ya tishu na kuiweka juu ya kiti cha dirishani, kukishika kisije kikachukuliwa. Aliagiza kahawa, kisha nyingine, kisha vikeki, kisha akafunga vikeki vingine kwenye leso. Mwanamke mwenye vibanda tisa vya bata alikuwa anaiba keki asizozipenda, uso umemeremeta. Clarence alimwacha ashibe ndipo akashusha pumzi ndefu.

"Sina mtoto, Mama. Nikifa, hii kadi itakufa na mimi. Na kampuni inaruhusu kabisa kuirithisha kwa mama au ndugu."

Kampuni hairuhusu kitu kama hicho hata kwa dawa.

"Kwa mama yeyote?" Gek Eng aliuliza taratibu, kama anayeuliza bei ya kitu asichokitaka.

"Mama wa maneno matupu, hapana. Lazima nipige magoti, nikupe chai, watu waone. Nawe unipe bahasha nyekundu ya hela, kidogo tu, ya kutimiza mila."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mama, mimi nitakupangia? Moyo wako ndio unaojua thamani ya mwana."

Kesho yake Clarence alipiga magoti pale sebuleni, wazee wawili wa Kijerumani wakishuhudia bila kuelewa, akamwinulia kikombe kwa mikono miwili, akamwita Mama. Bahasha ilikuwa nene kama kitabu cha dini. Juu yake Gek Eng aliweka mkufu wa dhahabu wa marehemu mumewe, ambao Wilfred alikuwa akiusubiri tangu mazishini.

"Ila usimwambie mtu, Mama," Clarence alisema huku akiuvaa. "Unazijua husuda za watu."

"Mimi mdomo wangu kaburi," akajibu mama.

Hapo ndipo mjanja wetu alipokosea, na ni kosa la mtu aliyekaa baharini mpaka akasahau nchi kavu. Nusu ya utamu wa kahawa ya bure ni kumsimulia aliyeikosa. Akina mama waliomtangulia Gek Eng walikaa mitaa ya mbali, kila mmoja na mabaraza yake, akijisifu kwa wasiomjua Clarence. Lakini bata wa Gek Eng wanaliwa kisiwa kizima. Wiki ileile aliyorudi, kwenye mchezo wa majong, alitupa kigae mezani akasema kwamba amepata mwana, mwana hasa, siyo kama hawa tuliowazaa. Kufika mwisho wa mwezi habari ilikuwa imetoka meza hadi meza, na sebuleni kwake walikuwa wameketi wanawake watano, yeye akiwa mmoja wao, kila mmoja na picha moja kwenye simu. Ni magoti yaleyale, kikombe kilekile, piko ileile.

"Twende polisi," alisema mmoja, mwalimu mstaafu aliyeitwa Bi Lau.

"Ukawaambie nini?" Gek Eng alimwuliza. "Kwamba ulinunua mtoto akakushinda kulea?"

"Hela zangu je?"

"Hela zipi? Mimi sikuibiwa hela. Nilitoa bahasha, nikapewa chai, nikapata mwana." Mkufu wa mumewe ulimuuma kweli. "Basi namtaka mwanangu."

Safari iliyofuata Clarence alikanyaga zulia jekundu, mkufu unang'aa kifuani. Alikuwa anachagua windo jipya kwa macho pale aliposikia, "Mwanangu." Akageuka. "Mwanangu," alisema mwingine upande wa pili. Wakapenya chini ya ugwe wa mahameli mmoja baada ya mwingine, visigino juu, na msichana wa vitaulo hakuthubutu kuwazuia wazee wenye mvi.

Nyuma yao alikuja Wilfred, amebeba mabegi ya wote watano.

"Kaka mkubwa," alisema kwa adabu nzito, akimtundika Clarence begi la kwanza. "Mimi nimebeba tangu nimezaliwa." Akamtundika la pili. "Lakini umri wako umenizidi, na kwetu mzigo ni wa kifungua mimba." Akamtundika yote, akauangalia mkufu wa baba yake, akaachia tabasamu. "Uvae tu. Umekupendeza."

Akaondoka mbio kuelekea teksi kabla mtu hajabadili mawazo. Sijapata kumwona mtu aliyeibiwa urithi akifurahi namna ile.

"Akina mama," Clarence alisema, jasho likichuruzika na kushuka na piko, "tuongee pembeni. Nitawarudishia kila kitu. Mnipe muda kidogo."

"Nani amekudai?" Bi Lau aliuliza.

"Mama hamdai mwanawe," alisema Gek Eng. "Twende juu, kahawa isipoe."

Kwenye lifti Clarence alipiga hesabu za kila namna na hakuna iliyotoka. Kukimbia asingeweza, mabegi yalikuwa mengi na ngazi ya meli ilishatolewa. Mlangoni Corazon aliipokea kadi kwa mikono miwili kama kawaida.

"Karibu, Bwana Poh. Na hawa?"

Corazon aliwapitia mmoja mmoja kwa tabasamu lake.

"Nawakumbuka wote. Kila mmoja ulinijulisha kwamba ni mama yako. Kwetu hatumhoji mtu kuhusu mama yake, nikanyamaza. Lakini leo wamekuja pamoja, sina budi niulize. Kama mama ni mmoja, basi wanne uliniongopea, na kadi ya mwongo inakatwa hapahapa. Mama yako ni yupi?"

Mkasi ulikuwepo mezani, wa kukatia utepe wa keki. Clarence aliuona. Aliona na chumba cha Geylang, na ngazi yake inayonuka mkojo, na kitanda cha kukunja, na asubuhi ambayo hakuna atakayemwita Bwana Poh.

"Wote," alisema.

"Sikusikia, mwanangu," alisema Gek Eng.

"Wote watano ni mama zangu."

"Hongera," alisema Corazon. "Kadi moja, familia moja, watu watano." Alianza kuhesabu kwa kidole, mvi moja baada ya nyingine, na kidole kilipomfikia Clarence kikabaki hewani. "Mmoja amezidi."

Wale wanawake hawakutazamana. Walimtazama yeye.

"Kadi ni yangu," Clarence alisema.

"Nani kakataa? Ni yako, na mama zako wataitumia," alijibu Gek Eng. "Mwanangu, ni wewe uliyeniambia hukulelewa kutangulia wakubwa. Au nilisikia vibaya?"

Aliichukua kadi mkononi mwa Corazon, akaivaa shingoni, akaingia. Wengine wakamfuata. Mlango wa kioo ulifungwa polepole, kama inavyofungwa milango ya gharama. Baada ya kitambo ulifunguka tena, ukatoka mkono wa Bi Lau na mfuko wa nguo chafu. Aliulizia kama kweli kufua ni bure, akaambiwa ndiyo, akautundika juu ya mabegi mengine.

Kupitia kioo Clarence aliona pakiti tano za tishu zikiwekwa juu ya viti vitano vya dirishani. Aliona kahawa ikiletwa, na vikeki. Kisha aliona kwamba hakuna aliyekunywa. Mama zake watano walikaa mikono mapajani, nyuso zimeelekezwa mlangoni, wakingoja.

Abiria wa kawaida walikuwa wakipita korido wakitafuta vyumba vyao, wakapunguza mwendo kumwangalia mzee aliyesheheni mabegi. Clarence alikohoa. Akapiga hodi kwenye kioo cha sebule yake mwenyewe, akainama kadiri mizigo ilivyomruhusu, akaanza na mkubwa wao kwa umri.

"Mama, karibu ule."

Alipomaliza kumkaribisha wa tano, walikunywa.