Mikono Mitatu na Nusu

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa. Mhariri ametuita ofisini kwake, mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Tumekaa benchi moja bila kutazamana. Mhariri ana kitabu kikuukuu kisicho na jalada, ngano kumi na mbili za majitu na wafalme wa kale, naye anataka zote ziwe katuni. Anatafuta mchoraji mmoja tu. Kila mmoja wetu achore kurasa kumi za ngano ya kwanza, azilete Ijumaa ya wiki ijayo. Atakayeshinda, kitabu kizima ni chake, na jina lake juu ya jalada.

Jina juu ya jalada! Nimelitaka tangu darasa la tatu. Miaka ishirini nachora mabango ya vinyozi na mabucha, na bango halina jalada.

Mke wangu amesema sawa, ila kwa sharti. Nikishinda, chumba cha nyuma kinabaki karakana yangu. Nikishindwa, anahamia mama yake pamoja na majora yake ya vitambaa. Nimekubali papo hapo, kidume. Kisha nikafungua nakala niliyopewa na kusoma mstari wa kwanza. "Likatoka mlimani jitu la mikono mia, likafunika jua."

Mikono mia. Nikaifunga nakala.

Jumanne, 5 Machi

Naandika hapa kwa sababu shajara haina mdomo. Sijui kuchora mikono. Sijawahi kujua. Vidole vyangu hutoka kama karoti, na idadi yake hainitii. Ndiyo maana kinyozi wa bango langu kazamisha mikono yote kwenye nywele za mteja. Daktari wa meno kaweka yake nyuma, kama anayekaguliwa. Watu husema huo ndio mtindo wangu. Nimewaacha waseme.

Shemeji naye huchora mkono mpaka unatamani kuupa salamu.

Si neno. Mpango wa kwanza: ukungu. Jitu linatoka mlimani alfajiri, ukungu mzito, mikono yote mia imo humo ndani, msomaji aamini tu. Nimechora kurasa mbili za ukungu safi kabisa. Mke wangu amepita na beseni la nguo, akasimama, akauliza kama hapo ni jikoni kwetu siku ya kuni mbichi.

Nimezichana zote mbili.

Jumatano, 6 Machi

Mpango wa pili: kiazi. Nimechagua kikubwa kuliko vyote, nikakikata katikati, nikachonga mkono mmoja kwa saa tatu nzima. Vidole vitano, nimevihesabu. Chovya kwenye wino, gonga. Chovya, gonga. Hadi saa saba mchana nilikuwa nimegonga mikono mia moja. Nikarudi nyuma hatua tatu kujipongeza.

Yote ya kushoto! Jitu lina mikono mia na halina wa kulia hata mmoja.

Nikakimbilia jikoni kuchukua kiazi kingine nichonge wa kulia. Niliporudi kuulinganisha na ule wa kwanza, sikuuona. Mke wangu alikuwa ameshapita akaokota, akamenya, akatia sufuriani. Mchuzi wa leo ulikuwa na rangi ya buluu. Nimekula kazi ya mikono yangu kwa kijiko.

Alhamisi, 7 Machi

Kumtembelea shemeji ni undugu. Kumpeleleza ni jambo jingine, ila njia ni ileile. Nimempelekea salamu za dada yake. Shem karibu, shem keti, na kabla sijakaa akaifunika meza yake kwa shuka. Anasema yuko ukurasa wa nane. Wa nane, na ndiyo kwanza siku ya nne! Mimi ukurasa wangu mmoja umeliwa.

Nimemwomba maji ya kunywa. Alipoyaendea nikainua pembe ya shuka. Upande wa chini wa karatasi niliona nyayo, kubwa, zimejaa kila mahali. Juu kidogo mikono miwili. Miwili tu! Nikahesabu tena, ingawa mikono miwili haihesabiki mara nyingi. Amesahau tisini na minane.

Nilitaka kumwambia. Nilitaka kweli, ni damu ya mke wangu. Lakini wahenga wamesema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Nimekunywa maji yote taratibu, nikashukuru, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumamosi, 9 Machi

Mpango wa tatu, na huu hauna kasoro. Mikono siichori tena. Naifuatisha! Nimejiweka kwenye duka la kinyozi na karatasi na penseli, kila anayeingia namwomba alaze viganja vyake mezani nivizungushie. Kwanza kinyozi mwenyewe. Halafu mwalimu wa hesabu. Fundi seremala ana vidole tisa, kila seremala ana hadithi yake ya kidole, nami nimemwongezea cha kumi bila kinyongo.

Walipouliza ni vya nini nikasema ni vya jitu. Huko mlangoni neno likasikika kuwa ni vya jiji. Kwamba jiji linaandikisha watu kwa viganja, na atakayechelewa shauri yake. Foleni ikapinda kona. Mama mmoja akarudi nyumbani kuwaleta mapacha. Ningewasahihisha, lakini walikuwa wametulia vizuri sana.

Watu arobaini na tisa. Mikono tisini na minane. Jumlisha yangu miwili, mia kamili! Wangu wa kulia nimeuzungushia kwa wa kushoto, umetoka karoti. Nitauweka nyuma ya mgongo wa jitu.

Jumapili, 10 Machi

Leo nimefika kwa shujaa. Nakala inasema alikuwa "kijana wa mikono mitatu na nusu, asiyemwogopa yeyote." Nimesoma mara mbili. Mitatu nimeikubali, watu wa kale walikuwa na mambo yao. Ile nusu ndiyo iliyonisumbua mpaka baada ya chakula cha mchana.

Kisha ikanijia. Ulikatwa vitani! Alizaliwa na minne, na huo mmoja ukakatwa nusu siku alipomwokoa mama yake. Kitabu hakikusema. Nimekisaidia. Nimempa kurasa mbili nzima, mama kapiga magoti, kijana kauma meno, na nilipokuwa nachora nimelia kidogo. Hapa ndipo nitakapomshinda Shemeji. Yeye husoma maneno. Mimi nasoma kilicho nyuma ya maneno.

Bibi harusi wa shujaa amevaa "shela la mikono minane." Nimemshonea penseli mkononi. Mikono miwili ya nguo ameivaa, sita inaning'inia. Inapendeza, na inamficha viganja.

Jumatatu, 11 Machi

Nimegundua msaliti, tena ndani ya nyumba.

Mama mkwe amekuja bila taarifa. Shikamoo mama, marahaba baba, na moja kwa moja akaingia chumba cha nyuma. Anasema amekuja kupima dirisha, apate kukata pazia mapema, maana ya Ijumaa hayajulikani. Yeye hatumii futi wala mita, hata sokoni huwapimia wateja kwa mkono wake mwenyewe. Akaweka kiwiko kwenye pembe ya dirisha, akaulaza mkono, akausogeza, akaulaza tena. Halafu akamgeukia mke wangu akatamka, mbele yangu, bila haya: mikono mitatu na nusu.

Nikapigwa na butwaa. Shujaa wangu! Ameziona kurasa! Na huyu ni mama wa nani? Wa Shemeji. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe anauza yeye.

Nikamuuliza kwa adabu zote kama ana hakika ni mitatu na nusu. Akasema ndiyo baba, labda na vidole viwili. Mpaka vidole anavijua! Nikajikaza. Nikamsindikiza hadi mlangoni, nikarudi, nikazitia kurasa zote chini ya godoro, nikazilalia. Kesho natafuta kufuli.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemaliza. Kurasa kumi, wino umekauka, mikono mia nimeihesabu mara tatu. Imejaa mpaka kingo za karatasi, kwa hiyo jitu lenyewe imebidi nilipunguze kimo kidogo. Linamfikia shujaa mabegani. Jua nimelifunika kwa viganja kumi na vinne, kikiwemo kidole nilichompa seremala.

Asubuhi watu watatu wamebisha hodi wakitaka kujua jiji litawaita lini. Nimewaambia Ijumaa. Kesho nitakuwa mtu mwenye jina juu ya jalada, nitajua la kuwaambia.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika kabla sijavua viatu.

Mhariri alizitandaza kurasa zangu mezani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza kwa nini jitu ni fupi kuliko shujaa. Nikajibu kwamba mikono imekula nafasi. Akauliza shujaa ana kitu gani hapa ubavuni. Nikamsimulia ule mkono nusu, vita, mama aliyepiga magoti. Nilisimulia vizuri. Shemeji alikuwa anatazama dari na mabega yake yanacheza.

Zikafuata kurasa zake. Jitu lake lina mikono miwili, nami nikaanza kutafuta maneno ya kumpa pole. Ila ukurasa ulikunjuliwa, ukakunjuliwa tena, mpaka ukaning'inia kutoka mezani hadi sakafuni. Jitu refu kama mnara! Kichwa kimelifunika jua. Chini kabisa, kwenye ukucha wa dole gumba, kasimama kijana mfupi wa kawaida, mikono miwili kama mimi na wewe, wala haogopi.

Mhariri akaweka kiwiko chake mezani, akanyoosha vidole kuelekea kwangu. Akasema, polepole, kwamba kuanzia hapa mpaka hapa ndio mkono. Kipimo cha watu wa kale. Jitu lilikuwa refu mikono mia, kijana mitatu na nusu, shela minane. Muuza vitambaa yeyote wa makamo angeniambia. Akamalizia kwamba kuuliza si ujinga.

Iliniuma. Siwezi kuficha, hasa hapa. Lile jina nililolitaka tangu darasa la tatu nililiona likiondoka juu ya jalada herufi moja moja, na kilichobaki machoni ni dirisha la chumba cha nyuma. Shemeji amelijua neno hilo tangu ananyonya. Kalelewa juu ya majora!

Kitabu amepewa yeye. Tulipofika mlangoni akarudi, akamwomba Mhariri shem apewe ngano moja, ile fupi ya mwisho. Mhariri akafikiri muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akakubali. Nikiiweza, jina langu litaingia ndani, kwa herufi ndogo. Lakini sharti kila mstari nimsomee mtu mzima kabla sijagusa penseli. Nimepokea kwa ajili ya undugu tu.

Nyumbani nimekuta foleni mlangoni, watu arobaini na kitu, wamekuja kwa ajili ya jiji. Nimepitia uani.

Jumapili, 17 Machi

Mama mkwe amehamia. Pazia limekaa dirishani sawasawa, halijapungua wala kuzidi kidole. Meza tumegawana. Huku wino wangu, kule mkasi wake, katikati ameweka jora la kitambaa cha kijani kama mpaka.

Sijakata tamaa. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nami nimekubali, na nimekaa nikatafakari kosa langu lilikuwa wapi. Nimelipata. Kosa lilikuwa kuchukua ngano yenye mikono. Hii mpya haina. Binti mfalme kafungwa ndani ya jumba la jitu, na usiku mmoja, nanukuu, "akatorokea juu ya paa, akakaa huko siku tatu, mvua ikimnyeshea."

Paa! Ningepewa nichague mwenyewe nisingechagua vizuri zaidi. Paa ana kwato, na kwato nazijua, nimechora mabucha miaka ishirini. Siku tatu mbio bila kushuka, kwenye mvua, huyo ni paa wa nguvu, kwa hiyo nimemtunisha kifua. Binti nimemkalisha mgongoni, mikono yote miwili imezama kwenye manyoya ya shingo. Kurasa sita zimekwisha kwa siku moja. Shemeji mwenyewe hana mwendo huu.

Na sharti la Mhariri nimelitimiza. Mtu mzima nilikuwa naye hapahapa, nimemsomea mstari wote, neno kwa neno. Mama mkwe akasikiliza, akauliza kama paa lenyewe ni la bati au la vigae. Nimecheka moyoni, usoni nikabaki na adabu. Wazee wetu hawa, maskini! Huyu ametumia maisha yake yote sokoni, wanyama atawaonea wapi? Nikamweleza taratibu kwamba paa, mama, ana ngozi. Nikamsogezea kurasa ajionee.

Amezitazama muda mrefu, mkasi umebaki wazi mkononi. Kisha akamwita mke wangu aje upesi aone. Kwato zimetoka vizuri mno, hata mimi nimeziona.