Kadi Yangu ya India Bado Inashughulikiwa

Jumatatu, 3 Novemba

Nimefungua tovuti kabla hata ya kupiga mswaki. Bado inashughulikiwa. Miezi sasa! Hata kontena la vitasa na bawaba zangu limeshafika Dar, limeuzika, na watu wameshafunga milango.

Kadi yenyewe ni ile wanayopewa wajukuu wa Wahindi waliozaliwa ng'ambo. Si uraia hasa, lakini ukiwa nayo unaingia India maisha yako yote bila viza. Babu yangu alitoka Jamnagar. Mimi ni mtoto wa Kisutu, na sasa ni mtu wa Guangzhou, chumba na jiko hapa Sanyuanli. Naistahili kabisa.

Abdulsalam ameshapata yake. Tumekua mtaa mmoja, biashara tumeanza pamoja, kila kitu lazima anitangulie. Leo mchana mgahawani alikuwa anajipepea nayo. Baridi imeshaanza, mtu anajipepea!

Mama yuko Dar na dada yangu Nahla. Dada yake mama, Mamkubwa Sakina, yuko Jamnagar na sukari inamla macho. Mama anataka wakaonane wakati Mamkubwa bado anaona. Nimeahidi kumpeleka mwenyewe. Nahla kasema tuombe viza za kawaida kwenye mtandao, siku chache tu tumeondoka. Viza ya mtalii! Niingie nchi ya babu yangu na watu wenye kofia za jua, wakati Abdulsalam anapita mlango wa wenyewe? Nimemwambia asubiri.

Jumatano, 5 Novemba

Leo nimetumia akili. Nimenunua boksi la ladu, vile vitamu vya Kihindi vya samli, nikalifunga utepe nikaelekea kwenye ofisi ya ubalozi wa India. Si hongo. Ni ukarimu. Mtu akila ladu yako lazima aulize imetoka kwa nani, akiambiwa Burhani anakumbuka faili la Burhani.

Mlinzi wa jengo, Mchina mpole, akasema chakula hakiingii. Nikamwambia ni zawadi. Meiyou, akasema, yaani hakuna. Nikamwambia basi achukue yeye. Meiyou. Nikamwuliza kama naweza kuliacha hapo kwa bahati mbaya. Akanifungulia mlango wa kutokea.

Kwenye metro nikakutana na nani? Abdulsalam! Akala ladu hadi utepe ukabaki peke yake. Alipomaliza akaniuliza kama kadi imetoka.

Ijumaa, 7 Novemba

Kissa, jirani yangu wa mlango wa pili, ananichosha. Ni mama wa Tukuyu, ananunua mikoba soko la Shiling, hana hata babu mmoja Mhindi, lakini ushauri anao. Kaniuliza kama nimekwenda dirishani kuuliza. Nimemweleza kwamba anayekwenda kuuliza anaonekana ana shida. Mtu mzito haulizi. Mtu mzito anauliziwa.

Kwa hiyo nimepiga simu, nimebana pua, nikajitambulisha kuwa ni katibu wa Bwana Burhani. Nikasema bosi ana safari nyingi na angependa kujua kadi yake imefikia wapi. Binti wa upande wa pili akaomba tarehe ya kuzaliwa ya bosi. Nikaitaja papo hapo. Akasifu kwamba katibu anamjua bosi wake vizuri. Nikasema naikumbuka kwa sababu ndiyo siku niliyozaliwa.

Akakohoa kidogo. Kisha akasema kwa upole kwamba habari za maombi anapewa mwombaji mwenyewe, aje na pasipoti yake. Nikamjibu kwamba nitamfikishia.

Jumanne, 11 Novemba

Kissa kanipeleka kwa nguvu. Kasema akiniona tena nafungua ile tovuti mezani atanimwagia chai.

Dirishani alikuwepo kijana nadhifu. Akafungua faili, akatazama picha. Akanitazama mimi. Akatazama picha. Akamwita mwenzake, naye akatazama. Halafu yule kijana akaniambia, kwa heshima kabisa, kwamba wasingependa kunisumbua, ila ingefaa mwombaji aje mwenyewe.

Mwombaji ni mimi!

Jamani, picha za hapa kila mtu anazijua. Unakwenda kwa mpiga picha, laoban, yaani mwenye duka, anakupiga, kisha anakaa kwenye kompyuta anakusafisha. Ndiyo desturi yao, hawakuachii hata chunusi. Kweli, nilimwomba aongeze kidogo. Nywele mbele. Kidevu kimoja badala ya viwili. Pua nyembamba, suti, tai, rangi ing'ae. Nilitaka India waone wanampokea mtu wa maana. Na karatasi nilizituma kwa mtu wa kusafirisha vifurushi, kwa hiyo hapo dirishani sura yangu halisi walikuwa hawajawahi kuiona.

Wametaka picha mpya, isiyoguswa. Wataanza kuikagua upya. Kissa alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi, mkoba wake ukaviringika.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimempigia mama. Nilijiandaa kugombezwa, sikugombezwa. Kaniambia Mamkubwa Sakina ameshatandika kitanda cha wageni, na kila jioni anauliza kama gari limefika. Siku hizi watu anawajua kwa sauti. Mama kasema anaogopa atafika na yeye ajulikane kwa sauti.

Nimeona aibu. Aibu ya kweli, nilikaa kitandani na viatu vyangu. Nahla alipochukua simu nilitaka kumwambia aombe hizo viza leo hii. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini nikafikiria picha mpya, huenda wakaipitisha Jumatatu. Nikamwambia tungoje kidogo tu.

Akasema sawa. Nahla akikubali upesi hivyo, kuna jambo.

Jumamosi, 22 Novemba

Jambo lenyewe hili hapa: mama ameondoka! Viza Nahla alishamwombea siku nyingi. Abdulsalam na mkewe Mwatima walikuwa Dar, wanakwenda Gujarat, huko huko Jamnagar iliko, kutazama vigae, wakampitia mama Kisutu wakaondoka naye. Kwenye picha ya uwanja wa ndege Abdulsalam ndiye anayesukuma kiti chake cha magurudumu. Mwizi wa mama za watu!

Jumanne, 25 Novemba

Wamenipigia simu ya video. Mama na Mamkubwa kwenye kitanda kimoja, wamefunikwa shuka moja, wanacheka sijui nini. Mamkubwa alikuwa ameushika uso wa mama kwa mikono miwili, ameusogeza karibu kabisa na wake, akasema anayaona meno yake mapya. Nimelia. Naandika wazi, nimelia.

Nyuma yao Abdulsalam analishwa chapati mkononi. Machozi yakakauka.

Mamkubwa kasema anataka mama asirudi peke yake. Mwezi ujao waende wote wawili Dar, yeye akae mpaka baada ya mwaka mpya. Nahla naye alikuwa kwenye simu, akasema viza ya Tanzania ni rahisi, anajaza jioni hii hii mtandaoni.

Nikamkatiza hapo hapo. Dada wa mama yangu hawezi kuingia nchini kwetu kienyeji hivyo. Kuna jamaa Dar anamjua mtu anayemjua mkubwa mmoja, watampokea hadi mlangoni mwa ndege. Nikawaambia wanitumie pasipoti ya Mamkubwa huku Guangzhou, nitalishughulikia mwenyewe.

Simu ikakatika. Nadhani ni mtandao.